Kijerumani hakikukosa kura moja Marekani
Hadithi hii imesimuliwa kwa zaidi ya karne moja: eti Kijerumani nusura kiwe lugha rasmi ya Marekani, kikashindwa kwa kura moja tu. Kura ya namna hiyo haikupigwa kamwe. Kilichotokea ni kwamba walowezi wa Kijerumani huko Virginia waliomba sheria za shirikisho zichapishwe kwa lugha yao pia, na Januari 1795 hoja ya kuahirisha mjadala ikaanguka, 42 kwa 41. Kuahirisha tu! Ombi lenyewe lilikataliwa baadaye. Kiingereza nacho kilitawala miaka yote hiyo bila kutangazwa rasmi kitaifa, hadi Machi 2025, tena kwa amri ya rais, si kwa kura ya Bunge.