Je, Wajua? Kuchonga Silinda Hedi Hakuipi Injini Nguvu Nyingi Kama Inavyodhaniwa

Injini ya petroli inapochemka na kuunguza gasketi, fundi huifungua silinda hedi, kile kifuniko kinachokaa juu ya bloku na gasketi katikati yao, na kuipeleka ikachongwe, yaani uso wake wa chini upunguzwe kwa mashine mpaka unyooke tena. Kutokana na kazi hiyo imeenea imani kwamba injini iliyochongwa hedi hurudi ikiwa na nguvu zaidi, na kwamba kadiri chuma kinavyoondolewa ndivyo nguvu zinavyoongezeka. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hesabu yake mara nyingi hufanywa vibaya, na injini moja ya zamani ya Kimarekani inaonyesha vizuri kosa liko wapi.

Injini hiyo ni ya lita 4.2, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya AMC mwaka 1971 na kuendelea kufungwa kwenye magari ya Jeep hadi 1990. Mdogo wake, injini ya lita 4.0, aliingia sokoni katika magari ya 1987 na kudumu hadi 2006. Kwa kuwa injini hizi mbili ni za ukoo mmoja, hedi ya 4.0 hukaa juu ya bloku ya 4.2 kwa marekebisho machache, na Marekani mabadilishano hayo yamekuwa kazi ya kawaida kwa wenye Jeep za zamani. Wengi wao, kabla ya kuifunga hedi hiyo, huipeleka kwanza ikachongwe, na wengine huomba iondolewe chuma kingi kuliko unyoofu unavyodai.

Kusudi la kwanza la kuchonga ni gasketi. Hedi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa sentimita 60 hurefuka kwa zaidi ya nusu milimita joto lake linapopanda kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na ya aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Sehemu moja ikipata joto kali kuliko nyingine, huku boliti zikiibana hedi isitanuke kwa uhuru, chuma hupinda na hakirudi kilivyokuwa. Hedi ya silinda sita, kwa urefu wake, huathirika zaidi kuliko ya silinda nne. Kwa kawaida kuondoa kati ya sehemu moja na mbili na nusu za kumi za milimita kunatosha kuurudisha uso kwenye unyoofu, na kiasi hicho hakibadilishi nguvu za injini kwa namna ambayo dereva angeihisi.

Kosa la hesabu huanza pale mtu anapotaka kuondoa milimita nzima. Silinda ya injini ya 4.2 ina kipenyo cha milimita 95.25, kwa hiyo eneo la silinda ni sentimita za mraba 71 na zaidi kidogo. Mtu huzidisha eneo hilo kwa milimita moja, hupata sentimita za ujazo 7.1, kisha hukitoa kiasi hicho kwenye ujazo wa chumba cha mwako, yaani shimo lililo ndani ya hedi ambamo petroli huungua. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama chumba kingekuwa kipana sawa na silinda, lakini sivyo kilivyo. Tuchukue kifuu cha nazi kilichofunikwa juu ya sinia: sinia ni silinda na kifuu ni chumba cha mwako. Ukiukata ukingo wa kifuu kwa milimita moja, ujazo unaopotea ni upana wa mdomo wa kifuu mara milimita moja, na ukubwa wa sinia hauingii kabisa katika hesabu. Tena, kwa kuwa kifuu huwa chembamba kadiri unavyokwenda kwenye kitako, kila mkato unaofuata huondoa ujazo mdogo kuliko uliotangulia.

Tuseme mdomo wa chumba unafunika theluthi mbili ya silinda, makisio yanayofaa kwa chumba cha umbo la kabari kama hiki. Milimita moja itaondoa takribani sentimita za ujazo 4.7 badala ya 7.1. Injini za 4.2 za miaka ya mwisho zilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 9.2, yaani mchanganyiko hubanwa hadi ujazo wake upungue mara 9.2, na kila silinda hufagia sentimita za ujazo zipatazo 706, kwa hiyo nafasi yote inayobaki juu ya pistoni ni kama sentimita za ujazo 86. Ukitoa 4.7, uwiano unapanda hadi karibu 9.7, wakati hesabu ya kimakosa ingeahidi 9.9.

Hata hiyo 9.7 faida yake ni ndogo. Kwa kanuni ya kinadharia ya injini ya petroli, kutoka 9.2 hadi 9.7 ufanisi huongezeka kwa takribani asilimia 1.4 ya ulivyokuwa. Injini ya 4.2 ya mwisho ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 112, kwa hiyo nyongeza yote haifiki farasi wawili. Ikumbukwe kwamba hiyo ni nadharia, na injini halisi hupoteza joto na kusuguana kwa namna ambayo kanuni haiihesabu. Bado ukubwa wa jibu haubadiliki sana. Hedi ya 4.0 husaidia kwa sababu nyingine kabisa: valvu yake ya kuingiza hewa ina upana wa zaidi ya milimita 48 badala ya 45, njia zake za hewa ni bora, na chumba chake ni kidogo hata kabla ya kuchongwa.

Jambo la ajabu zaidi, na ambalo hutajwa kwa nadra, ni kwamba kuchonga hedi hakusogezi pistoni karibu na sehemu bapa ya hedi iliyo kando ya chumba. Sehemu hiyo ni uso uleule unaokaa juu ya gasketi, kwa hiyo ukishachongwa hurudi kukaa palepale. Umbali huo huamuliwa na unene wa gasketi na mahali pistoni inapoishia ndani ya bloku, nao ukiwa mdogo ndio unaosukuma mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kasi kuelekea kwenye plagi ili uungue haraka. Ndiyo maana mtu aliyechonga kupita kiasi, akasikia injini inagonga kwa mgandamizo kuzidi, kisha akaweka gasketi nene ili kurekebisha, anaweza kuupunguza mgandamizo na bado asipate nafuu aliyoitegemea, kwa sababu ameupanua umbali huo. Unene wa gasketi huhesabiwa kwa eneo la silinda nzima: nusu milimita ya ziada hurudisha sentimita za ujazo 3.6, ambazo ni robo tatu ya kile milimita nzima ya kuchonga ilichoondoa.

Kuchonga huathiri pia fimbo zinazopeleka mwendo kutoka kwenye kamshafti (mhimili unaoendesha valvu) hadi kwenye roka (vikono vinavyozisukuma valvu). Kamshafti ya injini hii imo ndani ya bloku, kwa hiyo hedi ikishuka, roka nazo hushuka, lakini fimbo hubaki na urefu wake. Tapeti za mafuta, zilizo kati ya kamshafti na fimbo, hubeba tofauti ndogo bila shida, ila milimita nzima inaweza kuzikandamiza hadi mwisho wa nafasi yao, valvu zikabaki wazi kidogo na kuungua. Dawa yake ni fimbo fupi zaidi, zilizopimwa baada ya hedi kufungwa. Katika injini zenye kamshafti juu ya hedi tatizo ni la namna nyingine, kwa kuwa hedi iliyopinda huwa imepinda pamoja na vitako vya kamshafti, na kuchonga upande wa chini hakuvinyooshi.

Kwa anayebadilisha hedi kwenye 4.2, yapo matundu ya maji ya hedi ya 4.0 ambayo hayalingani na bloku ya zamani, nayo lazima yazibwe kabla ya kuchonga ili kizibo nacho kisawazishwe na uso. Hedi zenye namba ya kusubu 0331, hasa za 2000 na 2001, zinajulikana kwa kupasuka kati ya silinda ya tatu na ya nne, na ufa huo huweza kufichika mpaka hedi ijaribiwe kwa shinikizo. Jaribio hilo hufanywa kwanza, mashine ikafuata, kwa sababu ufa hauondoki kwa kuchongwa.