Weusi wa jino si umri wa papa

Nimetumiwa tena picha ya jino la megalodoni, papa mkubwa wa kale, jeusi tii, limejaa kiganja kizima, na swali ni lile lile: "Hili si la kale zaidi kuliko yale ya kijivu?" Hapana. Nilisema hapana mwaka jana, na bado ni hapana.

Jino la papa hung'oka likiwa jeupe. Likishazikwa, maji yanayopenya kwenye mashapo huingiza madini ndani ya dentini (ile sehemu ngumu inayounda kiini cha jino), na rangi hufuata madini: chuma huleta wekundu na hudhurungi, manganizi (metali nyingine) weusi. Mezani ninalo moja lenye taji la kijivu hafifu na mzizi mweusi kama masizi. Kwa hesabu zenu mnaopima umri kwa weusi, papa huyu aliota mzizi kwanza, kisha akangoja miaka milioni kadhaa ndipo aote taji. (Taji ndilo hutangulia, lakini tuliache hilo.)

Hata wasomi waliteleza. Katika safari yake ya 1872 hadi 1876, meli ya utafiti ya Challenger iliopoa vilindini meno yaliyovaa ganda la manganizi. Mwaka 1959 mtafiti Wladimir Tschernezky alipima unene wa ganda, akakisia kasi ya kukua kwake, akapata miaka 11,000 kwa jino moja na 24,000 kwa jingine. Wanaoamini kwamba megalodoni bado yumo baharini wameing'ang'ania hesabu hiyo mpaka leo. Lakini ganda hilo halina mwendo mmoja. Hutegemea manganizi iliyomo majini, na jino likifukiwa na matope ganda linaweza kuacha kukua kabisa, lianze upya jino likifukuliwa. Unapima ganda, hupimi jino. Papa mwenyewe alitoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita.

Umri tunausoma kwenye tabaka la mwamba au mchanga jino lilimokutwa. Nalo hudanganya: maji hulichimbua jino kwenye mwamba wa zamani na kulizika tena kwenye mchanga wa juzijuzi. Kingo zikiwa laini, nashuku. Meno ya msumeno ya kingo hizo yakiwa bado yanakwaruza ukucha, natulia, ila si sana. Nina trei nzima yenye alama za kuuliza. Kwenye vibandiko vyake hata jina la kisayansi la megalodoni nimelifuta mara mbili: Carcharodon, Carcharocles, sasa Otodus.

Na lile la kiganjani? Mwenyewe alilinunua likiwa limeshasuguliwa likang'aa, bila chembe ya udongo.