Je, wajua kwa nini nyumbu wa Serengeti huzalia kwenye nyanda zisizo na mto?

Kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna Mto Mara, wenye maji hata kiangazi, na mvua za huko ni nyingi. Kusini mashariki, upande wa Ndutu, mvua ni kidogo, mto wa kudumu hakuna, na ziwa lenyewe ni la magadi. Mtu angedhani nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni moja, wangebaki na kuzalia kaskazini. Wapi! Mvua zikianza tu, Novemba au Desemba, kundi linashika njia ya kusini.

Kinachowavuta kimo udongoni. Nyanda hizo zimefunikwa na majivu ya volkano yaliyopeperushwa na upepo kutoka milima ya mashariki, ukiwemo Ol Doinyo Lengai, ambao ungali hai na ulilipuka mwaka 2007. Majivu hayo yana madini tele, hasa kalisiamu na fosforasi. Nyasi zake ni fupi, lakini ndizo anazozihitaji jike anayenyonyesha, kwa ajili ya maziwa na mifupa ya ndama. Za kaskazini hurefuka na kukomaa upesi: tumbo linajaa, mwili haupati kitu.

Majivu hayohayo ndiyo sababu huoni miti. Maji ya mvua huyeyusha chokaa na kuishusha chini kidogo, ikaganda kuwa tabaka gumu kama saruji. Mizizi ya mti haipenyi hapo, ila ya nyasi haina shida. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga, uwanda mtupu ni nafuu: fisi anaonekana akiwa bado mbali.

Kilele cha kuzaa ni Februari. Ndama wapatao 8 kati ya 10 huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, wengi kiasi kwamba fisi na simba hula wakashiba, na bado wengi wanabaki. Ndama akishadondoka hujaribu kusimama, miguu inamsaliti, anaanguka kifudifudi, anajaribu tena. Dakika chache baadaye anakimbia ubavuni mwa mama yake. Wageni wengi huja Julai hadi Septemba kuona nyumbu wakivuka Mara penye mamba. Kwangu mimi, Februari kusini inawapa zaidi, maana duma na simba wote wamejaa huko.

Mvua zikikatika Mei, madimbwi hukauka, na maji yanayobaki huwa na chumvi hata hayanyweki. Hapo madini hayasaidii tena. Kundi hung'oka kuelekea magharibi na kaskazini, madume wakipigania majike njiani. Mimba ya nyumbu huchukua miezi minane na ushee, kwa hiyo zinazotungwa safarini Mei na Juni ndizo zinazoangukia Februari, nyasi za kusini zikiwa mbichi.