Je, Wajua Kwa Nini Theluji ya Antaktika Hutoka Kijivu Kwenye Picha?

Meli za msafara zinazotoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Ajentina, huchukua takribani siku mbili kuvuka mlango wa bahari uitwao Drake hadi Antaktika. Siku hizo wageni wengi huzitumia kujifunza kamera zao. Wakishuka nchi kavu, wanaoanza hukutana na kitu kilekile: macho yanaona theluji nyeupe pe, picha inatoka kijivu kama majivu.

Kamera haijui kama imeelekezewa theluji. Kipimamwanga chake hupima mwanga unaorudi tu, na kimeundwa kikichukulia kuwa mandhari yoyote kwa wastani ni kijivu, yaani inarudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80. Basi kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza. Wapiga picha wa harusi kwetu wanaujua mtego huu: shela jeupe likijaa kwenye picha, uso wa bibi harusi huzama gizani.

Dawa yake ni kitufe cha +/-, kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha. Ongeza kati ya 1 na 2. Lakini pengwini ndiye mtihani wenyewe, maana mgongo ni mweusi, kifua cheupe, na nyuma yake theluji tupu. Ukizidisha, manyoya ya kifuani yanafutika. Ukipunguza, jicho linapotelea kwenye kichwa cheusi. Pengwini aina ya Adélie ana afadhali, kwa kuwa jicho lake lina duara jeupe. Mimi ningeanza na +1, nikuze picha kwenye kioo cha kamera, nitazame kifua kwanza.

Baridi nayo hudhoofisha betri, kwani kemikali zake hufanya kazi polepole. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na kabla ya kurudi kabini, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje. La sivyo itatokwa jasho kama soda iliyotoka kwenye friji, maji yaingie mpaka kwenye lenzi.

Kanuni ya huko ni kukaa angalau mita 5 kutoka kwa pengwini. Usisimame kwenye njia walizozikanyaga wenyewe. Inama, lenzi iwe usawa wa macho yake, usubiri. Mara nyingi humsogelea aliyetulia. Ukiinuka, fukia shimo ulilochimba kwa buti, kwa sababu pengwini akitumbukia humo anaweza kushindwa kutoka.