Dhamira si funzo

"Filamu haina dhamira." "Wimbo huu hauna dhamira, ni kelele tu." "Mchoro mzuri, lakini dhamira yake haieleweki." Sentensi za namna hii zimezagaa, na karibu kila mara msemaji anakusudia jambo jingine kabisa. Ama kazi haikumpa nasaha, ama hakuielewa. Hayo ni malalamiko mawili yasiyofanana, na dhamira haimo katika lolote kati ya hayo mawili.

Maana kwanza, kwa ufupi. Dhamira ni jambo ambalo kazi ya sanaa inalifikiri tangu mwanzo hadi mwisho, wazo linalozishika sehemu zake zisitawanyike. Kazi moja huwa na dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Katika mgawanyo uliozoeleka madarasani, dhamira iko ndani ya maudhui, pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Upande wa pili iko fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Miongozo mingi ya Kenya hutumia "maudhui" kwa yale ambayo Tanzania huitwa dhamira, na "dhamira" ikabaki kuwa lengo la mwandishi. Tofauti hiyo inavuruga mitihani, lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya hili: dhamira si nasaha.

Sasa neno lenyewe, maana hapo ndipo kosa linapojifichua. Tumelichukua kutoka Kiarabu, *dhamir*, ambalo ni lile lile lililotupa "dhamiri", ile sauti ya ndani inayomsuta mtu. Asili yake ni kuweka jambo moyoni, kulisitiri. Kwa Kiswahili cha kila siku bado tunaisikia maana hiyo: mtu aliyedhamiria kuhama hajahama, na huenda hajamwambia yeyote. Jambo liko ndani.

Wanasarufi wa Kiarabu walilitumia neno hilohilo kwa kitu tunachokiita kiwakilishi. Tazama walivyokuwa makini. Kitenzi *kataba* maana yake ni "aliandika" (mwanamume mmoja). Ukikikagua herufi kwa herufi hupati kipande chochote kinachosimama badala ya "yeye", kama vile *a-* inavyosimama katika "aliandika" yetu. Hata hivyo mwandikaji yumo, na sentensi nzima inamtegemea. Wao husema dhamir imesitirika. Sijapata kuona maelezo bora zaidi ya dhamira ya kazi ya sanaa: hakuna sentensi hata moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema ndiyo hii, na hakuna sentensi iliyoandikwa bila yenyewe.

Linganisha na ujumbe. Ujumbe ni wa mjumbe. Unatumwa, unafika, unapokewa, kazi imekwisha. Unaweza kutolewa ndani ya kazi na kubebwa peke yake bila kumwagika. Funzo nalo ni la ukoo wa kufunza, kufunda na fundi. Lina mkubwa anayejua na mdogo anayepaswa kujua. Maadili yametoka kwenye uadilifu, mizani ya mwenendo wa mtu. Maneno manne, kazi nne. Anayeyatumia kama visawe anapoteza matatu.

Tuchukue ngano ambayo kila mtu anaijua. Fisi mwenye njaa anafika njia panda. Harufu ya nyama inamjia kutoka njia ya kulia, na nyingine kutoka njia ya kushoto. Anatia miguu ya upande huu njia hii, na ya upande ule njia ile, anakwenda hivyohivyo mpaka anapasuka msamba. Uliza dhamira yake, utajibiwa bila kusita: "Inatufundisha tusiwe na tamaa."

Sawa, lakini soma tena ukiwa na kalamu mkononi. Fisi hajala chochote. Hajamnyang'anya mtu, hajaiba, hajashiba akataka zaidi. Ana njaa, na harufu zote mbili ni za kweli, wala hakuna mahali tunapoambiwa ipi iko karibu. Hata methali iliyobaki baada ya ngano haitaji nyama: njia mbili zilimshinda fisi. Chunguza kitenzi hicho. Watenda ni njia. Fisi ni ile *-m-* ndogo iliyobanwa katikati, anatendwa. Waliopanga maneno haya walikuwa na nafasi ya kuandika tamaa na hawakuandika. Waliandika njia.

Kwa hiyo "tamaa" au "uchaguzi" ni mada tu, jina la eneo. Dhamira ni kitu kama namna njaa inavyomnyima mwenye njaa uwezo wa kuchagua. Ujumbe, ukipenda kuutoa, ni kwamba anayetaka vyote kwa mpigo hukosa vyote. Funzo ni "shika moja". Ukiruka moja kwa moja hadi funzo, na hasa funzo la tamaa, umempa fisi kosa ambalo ngano haikumpa, na umeacha jambo linalotisha zaidi: kwamba angeweza kufa hivyo hata kama angekuwa mwema.

Sarufi ya jibu lako itakuambia uko wapi. Jibu likiwa nomino moja (rushwa, mapenzi, elimu, ukombozi wa mwanamke), hiyo ni mada, na orodha ya nomino sita ni mada sita. Likianza na *usi-* au *tu-*, au likitanguliwa na "inatufundisha", ni funzo. Likiwa sentensi kamili yenye hukumu, ni ujumbe. Dhamira kwa kawaida huja kwa umbo la "namna", "jinsi" au *-vyo-*: jinsi malezi ya kufungia yanavyozaa mtu asiyeweza kusimama akifunguliwa. Si kanuni ya chuma, ila hunasa makosa mengi.

Makosa mengine hayanaswi na sarufi. La kwanza ni kuwinda mstari wa mwisho, au hotuba ya mhusika mwenye busara, na kuuita dhamira. Maneno ya mhusika ni ya mhusika. Mwandishi hodari humpa hata mzee mwenye mvi maneno ambayo hadithi yenyewe inayakana. La pili ni kuhesabu nani ameshinda. Mwovu akifa kitandani kwake amezungukwa na wajukuu, basi kazi "inahimiza uovu". Hapana. Inaonyesha uovu usiolipwa, na huenda hilo ndilo inalolifikiri. La tatu ni kusoma tukio bila sababu zake. *Rosa Mistika*, riwaya ya mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda kutumika katika shule za Tanzania kwa sababu ya matukio yake ya kimapenzi. Anayetafuta mwenendo wa kuigwa kwa Rosa, mhusika mkuu, hataupata, kweli. Lakini riwaya inaanza na baba mkali kupita kiasi, na anguko la binti haliwezi kusomwa kama vile baba hayupo. Wasomaji waliotafuta funzo waliona anguko. Dhamira ilikuwa imeanza kurasa nyingi nyuma, nyumbani.

Kuna lalamiko la pili, lile la kueleweka, na hapa neno jingine linaonewa. Husemwa kwamba fasihi ni ufasaha, na ufasaha ni kusema wazi, kwa hiyo kazi ngumu si fasihi. Kiarabu kinasema *fasuha* kwa maziwa ambayo povu lake limetoka, yakabaki maziwa yenyewe. Kufasihika ni kusafika. Maziwa yaliyotolewa povu si mepesi kuliko yenye povu. Ni mazito zaidi, kwa sababu kila tone ni maziwa. Kazi inaweza kuwa fasaha kabisa, isiyo na neno la kuondoa, na bado ikakuchukua wiki nzima. (Kwa Waarabu fasihi huitwa *adab*, neno hilohilo la adabu. Sisi tulilitenga: adabu ikaenda kwenye mwenendo, na fasihi tukaitafutia jina jingine. Ni ajabu kuona watu wakihangaika kuvirudisha pamoja vitu ambavyo lugha yao imekwisha kuvitenganisha.)

Tena ugumu haukuletwa na wasomi wa vyuo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hiyo haimlaumu mfumbaji. Mshairi wa Kenya Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu *Kenya: Twendapi?* mwaka 1968. Kilikuwa na ujumbe, ulionyooka, na ulimfikia kila aliyekisoma, serikali ikiwemo; akafungwa miaka mitatu. Gerezani aliandika mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Miongoni mwake kuna shairi la mamba anayejigamba mtoni kana kwamba ataishi milele. Hakuna serikali ndani yake, hakuna uchaguzi wala chama. Mtu yuleyule, hasira ileile, kwa njia mbili. Kijitabu kinauliza swali la mwaka wake. Mamba anaweza kusomwa leo na mtu asiyejua lolote kuhusu Kenya ya 1968, akamtambua mamba wake mwenyewe. Kilichofichwa ndicho kilichosafiri. Wala mtu asiseme mtunzi alifumba kwa woga tu: shairi limepimwa mizani na vina, na fumbo limeingia humo kama pambo na kama silaha kwa wakati mmoja.

Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, ugomvi uliofuata ulikuwa juu ya umbo: je, hili ni shairi au ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani? Na *Nagona* ya mwaka 1990, kitabu chembamba kisicho na ploti, yaani mtiririko wa matukio, ya kushika, inawafanya wengi waseme haina dhamira. Inayo. Inahusu namna mtu anavyoutafuta ukweli akiwa ameishiwa na kila chombo alichorithi cha kuutafutia, na umbo lake lililovunjika ni sehemu ya kusema hivyo. Unaweza kuichukia kwa haki kabisa. Unaweza kusema ni kavu, au kwamba mwandishi amemwachia msomaji mzigo kupita kiasi. Hizo ni hukumu halali, ila ziite majina yake.

Anayetaka kanuni ya "sanaa njema lazima iinue maadili na ieleweke na kila mtu" aitazame kwa mtu aliyeifuata hadi ukingoni. Leo Tolstoy, mwandishi wa riwaya wa Urusi, aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka huko kati ya 1897 na 1898. Alikuwa mkweli kiasi cha kuipima kwa kazi zake mwenyewe, na riwaya zake kubwa hazikupita. Alibakisha hadithi fupi mbili tu. Simfonia ya Tisa ya Beethoven nayo ilianguka. Mtu anaweza kuistahi njaa yake ya sanaa inayowaunganisha watu, na bado akaona kwamba chekecheke hiyo imetupa nafaka.

Hayo yote hayamaanishi kwamba funzo ni aibu. Zipo tanzu zilizoundwa kwa ajili yake: wasia, waadhi, nyimbo za unyago. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni mama anayemuusia binti yake. Kuuliza unafunza nini ni swali linalostahili, maana utanzu wenyewe umelileta. Hitilafu ni kulibeba swali la wasia na kulipeleka kwa kila wimbo, kila kinyago na kila filamu.

Hata ngano, ambazo tumezoea kuzifanya vyombo vya funzo, hazifungui kikao kwa kuahidi funzo. Msimuliaji anasema "hadithi", na wasikilizaji wanajibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Vitu vitatu vinaitwa. Uongo umo, utamu umo. Na msimuliaji anapomaliza huwaachia wasikilizaji hadithi ikiwa njema, na kuibeba mwenyewe ikiwa mbaya. "Na funzo lake ni…" ni mkia unaofaa zaidi vitabu vya kiada, penye maswali chini ya ukurasa.

Kwa hiyo, filamu ikiisha bila kukuambia uishi vipi, sema "haina funzo". Huenda ni kweli, na huenda haikukusudia kuwa nalo. Ukiwa hukuielewa, sema "sikuielewa", ambalo ni neno la heshima na linaacha mlango wazi wa kuitazama mara ya pili. "Haina dhamira" iweke akiba kwa ile kazi adimu ambayo sehemu zake hazishikwi pamoja na chochote, ambapo ukiitoa sura ya tano na kuiweka ya pili hakuna kinachobadilika. Kazi za namna hiyo zipo, na nyingi kati yake zimejaa mafunzo.