Acheni kuniuliza ilikuwa bangi ya aina gani

Wiki hii tena. Kijana kaletwa na ndugu zake anatetemeka, moyo unamwenda mbio, anaamini kabisa anakufa, na ndugu hawaniambii kala kiasi gani wala saa ngapi, wao wanataka kujua hiyo bangi ilikuwa aina gani. Eti ingekuwa indica angelala tu, kwahiyo lazima kapewa sativa. Na rafiki yake anaapa walikula kitu kimoja na yeye hajahisi chochote, kwahiyo huyu ama anaigiza ama ana mapepo. Mi ni mfamasia, nafanya kazi kliniki ya uraibu, haya maneno mawili nayasikia kila mara na nimechoka nayo.

Aina tuimalize haraka. Sativa ni jina la Linnaeus, 1753, indica ni la Lamarck, 1785, watu waliokuwa wanapanga mimea kwenye makundi. Tangu hapo mbegu zimechanganywa vizazi kwa vizazi, na watafiti walipopima vinasaba vya bangi zenye lebo hizo wamekuta lebo haiendani vizuri na ukoo wa mmea wenyewe. Jina anakupa muuzaji. Kinachokupandisha ni THC, kemikali iliyo ndani ya bangi, na jina halikuambii iko kiasi gani. Bangi iliyokamatwa Marekani ilikuwa na wastani wa THC kama asilimia 4 mwaka 1995, kufika 2014 ni kama 12, kwahiyo mzee anayesema "sisi tulivuta ujana mzima mbona wazima" anaongelea kitu kingine kabisa.

Halafu kiasi chenyewe hakiendi kwa mstari ulionyooka. Watu wengi wanadhani ukiongeza bangi unaongeza raha. Kuna jaribio lilifanyika Chicago, majibu yakatoka 2017, watu walimeza THC halafu wakapewa kazi ya kuhojiwa mbele ya watu na kufanya hesabu za kichwa, kitu cha kumtia mtu presha makusudi. Waliomeza miligramu 7.5 walipata nafuu ya ile presha. Waliomeza 12.5 walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko waliomeza kidonge kitupu. Tofauti ni miligramu 5! Dawa ileile iliyomtuliza mmoja ndo imemvuruga mwingine, na we unaniuliza jina la mmea.

Sasa hapa nikae kidogo maana hapa ndo watu wanaumia. Kuvuta na kula si kitu kimoja. Ukivuta, THC inatoka kwenye mapafu inaingia kwenye damu na ubongoni ndani ya dakika chache, unajua umefika wapi, unaacha. (Na kubana moshi kifuani mpaka macho yatoke haisaidii, karibu yote imeshaingia sekunde za mwanzo, unachoongeza ni lami tu.) Ukila, inapita tumboni, inafika kwenye ini, na ini linaigeuza sehemu kubwa kuwa 11-hidroksi-THC ambayo nayo inapandisha, tena vizuri sana. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua masaa mawili, inategemea umekula nini kabla na tumbo lako liko vipi. Yule kijana wa wiki hii alikula kipande cha keki saa mbili usiku. Saa tatu hakuna kitu. Akasema keki feki, akala kingine, na kabla ya saa nne cha kwanza kikaanza kupanda, cha pili bado kiko njiani. Mpaka saa sita usiku vyote viwili viko juu, mdomo umekauka, mapigo yanakimbia, dakika moja anaiona kama saa zima. Stimu ya kula inaweza kukaa masaa sita, nane, hata zaidi. Hakukuwa na sativa hapo, kulikuwa na haraka.

Mwili nao una yake. Kuna kimeng'enya cha ini kinachovunja THC, na waliorithi toleo la polepole kwa baba na mama, wakimeza dozi ileile, miili yao inakutana na THC kama mara tatu ya wenzao. Hujui kama we ni mmoja wao, huwezi kumwona mtu ukajua. Ongeza pombe, pombe inapandisha THC kwenye damu. Na anayevuta kila siku, vipokezi vya CB1 ubongoni, vile THC inavyovishika ili ikupandishe, vimeshapungua, anapiga msokoto mzima anaendelea na stori zake. Akiacha kama mwezi vinarudi, halafu anarudi na dozi yake ya zamani, huyo nae naletewa.

Sasa yule rafiki aliyeapa hajahisi kitu. Hili ndo linaniudhi kuliko yote kwa sababu linasikika kama ushahidi. Mwaka 1968 Boston waliwapa bangi watu tisa ambao hawajawahi kuvuta, kwenye chumba cha maabara kisicho na muziki wala mazungumzo. Kwa dozi kubwa ni mmoja tu aliyepanda waziwazi. Lakini walipopimwa umakini na wepesi wa mikono walikuwa wameshuka, na kadiri dozi ilivyopanda ndivyo walivyozidi kushuka! Wazoefu walipanda wote, na kwenye vipimo vilevile hawakushuka kama wao. Yaani kuhisi na kuathirika ni vitu viwili, kwahiyo "sijahisi kitu" si ruhusa ya kushika usukani. Mwanasosholojia Howard Becker alishaandika 1953 kwamba mtu hujifunza kwa wenzake kuitambua stimu na kuipenda. Na wavutaji waliopewa bangi iliyotolewa THC bila kujua, wapo waliosema wamepanda. Ulichokitegemea, uliokaa nao, una ugomvi gani nyumbani, vyote vinaingia kwenye stimu. Aliyevuta akiwa anaogopa kukamatwa atakuwa na usiku tofauti kabisa na aliyevuta kwa rafiki anayemwamini.

Kuna kitu vitabu vinakisema kwa uhakika kuliko ninavyoweza mimi, kwamba CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyopandisha, inapunguza makali ya THC. Watafiti wa London walijaribu, majibu ya 2022, wakawapa watu THC pamoja na CBD mpaka mara tatu yake, na haikuwakinga, si kumbukumbu wala dalili za kuchanganyikiwa. Kwahiyo mgonjwa akiniuliza anunue yenye CBD ili awe salama, simwambii ndiyo.

Na hata ukimweka mtu sehemu tulivu na watu wazuri, ukichaa kwenye ukoo hauondoki. Wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu, utafiti wa miji kadhaa ya Ulaya, 2019, ulikuta uwezekano wao wa kupata saikosisi, yaani ukichaa wa kusikia au kuamini visivyokuwepo, ni karibu mara tano ya wasiovuta kabisa. Sisemi kila mmoja wao ataipata, wengi hawapati, ila we ukiwa na kaka au mama aliyewahi kuugua usinunue maneno ya "mwenzangu mbona mzima".

Mkimleta mtu niambieni: alivuta au alikula, saa ngapi, kiasi gani, alikunywa pombe au dawa gani, ameshawahi kutumia, kwao kuna mgonjwa wa akili. Kama kifua kinambana, hazinduki, au aliyekula ni mtoto, msikae kukumbuka chochote, mleteni sasa hivi.