Nesheri: tai mwenye upara katika maandiko ya Kiebrania

Mika 1:16 inawaambia watu wa Yuda wanyoe vichwa, wawalilie watoto wao waliochukuliwa mateka, na wazidishe upara wao uwe kama wa tai. Hapo inafaa kusimama na kuuliza: tai gani ana upara? Tai mwindaji, yule akamataye sungura na pimbi, kichwa chake kimejaa manyoya. Nabii alikuwa akimtazama tumbusi, ndege mla mizoga.

Neno la Kiebrania ni nesheri, nalo limo mara 26 katika Agano la Kale, mbali na mara 2 za Kiaramu katika Danieli. Ndugu yake wa Kiarabu, nasr, ni tumbusi hadi leo. Waliotafsiri kwa Kigiriki waliandika aetos, Kilatini kikaandika aquila, yote mawili majina ya tai mwindaji, na tafsiri nyingi za baadaye zikafuata. Kiswahili kina bahati, maana "tai" kwetu huweza kuwa mwindaji au mla mizoga. Huenda hata nesheri lilikuwa neno pana hivyo. Lakini anayeingia vizuri katika aya nyingi ni tumbusi wa majabali ya Negebu na Golani, kwa jina la kisayansi Gyps fulvus: mita 2.3 hadi 2.8 toka ncha ya bawa hadi ncha, na kichwa chenye vinyoya vifupi vyeupe tu, kwa sababu hukiingiza ndani ya mzoga.

Ukimshika ndege huyu, aya zinafunguka. Katika Ayubu 39:27-30 anaona chakula kutoka mbali, na walipo waliouawa ndipo alipo. Kumbukumbu la Torati 28:49 inalifananisha jeshi la kigeni na nesheri, na aya ya 26 imekwisha kutaja maiti zitakazoliwa na ndege. Kitisho chake ni kufa na kukosa wa kukuzika.

Ndege huyohuyo ndiye sura ya rehema. Isaya 40:31, isemayo watapanda juu kwa mbawa kama tai, huhubiriwa kana kwamba inasifu nguvu za mabawa. Tumbusi ana kilo 6 hadi 11, na kupigapiga mabawa kunamchosha upesi. Asubuhi hukaa jabalini mpaka jua lipashe miamba na hewa ya moto ianze kupanda. Ndipo hutandaza mabawa akabebwa. Aya yenyewe inawahusu "wamngojeao BWANA". Kwangu mimi, kungoja huko ndiko kiini cha mfano.

"Juu ya mbawa za tai" ya Kutoka 19:4, Mungu akisema jinsi alivyowachukua Waisraeli, huwapoteza wengi, kwa kuwa nesheri habebi makinda mgongoni. Usiitafutie ushahidi wa kibiolojia. Rashi, mfafanuzi Myahudi wa maandiko wa karne ya 11, anaeleza kwamba ndege wengine hubeba makinda kati ya miguu wakiogopa ndege warukao juu yao. Nesheri anaogopa mshale wa mwanadamu tu, basi huwaweka juu, mshale umchome yeye kwanza. Na katika Kumbukumbu la Torati 32:11 kitenzi cha kupapatika juu ya makinda ni kilekile cha Roho juu ya maji, Mwanzo 1:2. Kitenzi kingine cha aya hiyo, kuhusu kiota, maana yake ni kuamsha. Mahubiri ya mama tai anayebomoa kiota ili makinda yaumizwe na miiba hayana tegemeo hapo.

Kuna na hadithi isambaayo sana makanisani: tai akifika miaka 40 huvunja mdomo wake, hung'oa kucha na manyoya, kisha huishi hadi 70. Ni uongo. Ndege asiye na mdomo wala kucha hawezi kurarua nyama. Atakufa njaa kabla havijaota vingine. Zaburi 103:5, ujana kurejezwa kama tai, haiihitaji hadithi hiyo. Nesheri hubadili manyoya yake makubwa ya kurukia machache machache, kazi inayopita mwaka mmoja, na muda wote huo anaendelea kuruka.